Matatu, tuktuk au miguu: jinsi ya kupima moshi unaouvuta njiani Mombasa

Tafuta sensa mbili za aina moja za kupima PM2.5, yaani chembe ndogo za hewani zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Modeli ya PMS5003 ndiyo ya kubeba. SDS011 ni dude kubwa, liache dirishani nyumbani. Umeme ni volti 5 kutoka pawabenki, na data iandikwe kwenye kadi ya memori kila sekunde 10. Kuunganisha nyaya si kazi.

Kazi ni unyevu. Alfajiri ya pwani unyevu hupita asilimia 80 bila taabu, na chembe, hasa za chumvi ya bahari, hunywa maji zikavimba. Sensa hizi hazikaushi hewa kabla ya kuipima, kwa hiyo leza iliyo ndani huona chembe kubwa kuliko ilivyo. Utasimama kivukoni Likoni, upepo safi wa bahari usoni, na sensa inakwambia uko jikoni kwenye kuni. Ongeza kipimo cha unyevu (SHT31 yatosha), lakini kikae mbali na pawabenki: joto lake hushusha unyevu unaosomeka, ukadhani mambo shwari. Vipimo vilivyochukuliwa unyevu ukiwa juu ya asilimia 85 mimi navitupa. Usilinganishe safari ya saa kumi na mbili asubuhi na ya saa nane mchana hata kidogo. Na ukishuka kwenye gari lenye kiyoyozi, sensa hutoka jasho kama chupa ya soda. Ngoja dakika kumi.

Usiku wa kuamkia safari, laza sensa zote mbili pamoja. Moja ikisoma 20 na nyingine 24, ya pili izidishe kwa 0.83.

Safari yenyewe: watu wawili, Changamwe hadi Mwembe Tayari, muondoke pamoja, mmoja matatu, mwingine tuktuk. Sensa ikae kifuani, tundu lisielekee upepo, maana upepo wa tuktuk huvuruga feni. Andika saa kila gari linaposimama stejini injini ikinguruma, au linapokwama nyuma ya malori ya bandari.

Halafu usiishie kwenye wastani. Zidisha kiwango kwa hewa unayovuta na muda. Tuseme matatuni ni mikrogramu 60 kwa mita ya ujazo: umekaa, unavuta kama lita 10 kwa dakika, dakika 20; jumla mikrogramu 12. Anayetembea kwenye 40, akivuta lita 20 kwa dakika 30, amemeza 24.