Mkono wa Technics SL-1200MK2 ukigoma: kupima, kutengeneza na kubadilisha

Gramafoni iliyonifanya niandike somo hili ililetwa kwangu ikiwa na sarafu imebandikwa kwa selotepu juu ya kichwa cha mkono. Mwenyewe ni DJ mstaafu wa madisko, na mafundi wawili walishamwambia mkono umekufa, anunue mwingine. Sarafu aliiweka ili sindano isiruke. Kweli haikuruka tena, ila ilikuwa inalima santuri kama jembe. Kuja kuangalia, kilichokufa ni kipete cha mpira chenye ukubwa wa kifungo cha shati, pamoja na waya mmoja. Mkono wenyewe ulikuwa mzima kabisa.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo ni kupima. Kubadilisha mkono kunakuja mwishoni, na wengi wenu hamtafika huko.

Natumia SL-1200MK2 kwa mfano kwa sababu ilitoka mwaka 1979, ikaenea madisko na studio, na vipuri vyake bado vinapatikana. Mwenye Garrard, Dual au nyingine afuate utaratibu huuhuu, ila milimita atumie za mashine yake.

Vifaa. Bisibisi ndogo za fundi saa, kibano, mita, spiriti, vijiti vya pamba, pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, uzi wa kushonea, pimamaji, na mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Mizani msiidharau. Namba zilizoandikwa kwenye uzito wa nyuma ni sahihi pale tu zilipoanziwa kwenye sifuri ya kweli.

Hatua ya 1: Uone mkono kama mizani

Ukitaka kuuelewa, sahau neno mkono. Hii ni mizani: mbele kuna katriji (kile kidude kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme) na sindano, nyuma kuna uzito wa kuzungusha, katikati kuna beringi. Kila kasoro utakayokutana nayo, ama mizani imelemea upande, ama inakwama kwenye beringi, ama umeme haupiti.

Weka gramafoni mahali palipolingana kwa pimamaji. Zima, ondoa kinga ya sindano, na weka kizuia mvuto (kile kitufe cha duara pembeni ya mkono, kinachozuia sindano kuvutwa katikati santuri inapozunguka) kwenye 0. Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, haupandi wala haushuki. Ushikilie kichwa kwa kidole muda wote huu, usije ukaangusha sindano kwenye sahani ya chuma.

Ukishaelea, upulize kidogo kwa mdomo kutoka pembeni. Mkono mzima unasafiri taratibu bila kusitasita. Kisha sogeza kizuia mvuto kidogo sana kutoka 0: mkono unatakiwa uanze wenyewe kurudi nje, mwendo mmoja laini. Ukisimama katikati ya safari kila mara palepale, beringi ina uchafu au imebonyea, au waya za ndani zinauvuta.

Hatua ya 2: Unacheza?

Shika mkono kwa vidole viwili karibu na nguzo yake na ujaribu kuusogeza mbele-nyuma, kwa nguvu ya kusukuma jani la chai. Usisikie "tik". Ukiisikia, beringi imelegea. Skrubu ndogo zilizo pembeni na juu ya nguzo ndizo zinazoishika, na hapo ndipo mikono mingi huuawa. Fundi anaona skrubu, anakaza kama anakaza bawaba ya mlango, vigololi vya ndani vinabonyeza kuta zake, basi. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, usiziguse. Ukilazimika, legeza nati ya nje, geuza skrubu kwa ncha za vidole kiasi cha nywele, rudia jaribio la kupuliza, kisha funga nati huku skrubu umeishikilia isizunguke nayo.

Kichwa nacho kikicheza, lakini nguzo iko imara, angalia kipete cha mpira kati ya kichwa na bomba la mkono. Mpira wa miaka 40 hukauka ukawa kama ukucha. Badilisha. Kwa yule DJ wangu, sarafu ilikuwa inafidia kipete hiki: kichwa kilikuwa kinatikisika, sindano inaruka, yeye anaongeza uzito.

Hatua ya 3: Sauti inatoka upande mmoja

Kwenye katriji kuna waya nne: nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Amplifaya ikiwa imezimwa, toa kichwa, na kwa kibano hamisha nyeupe iende kwa nyekundu na bluu iende kwa kijani. Usivute waya wenyewe, shika kile kichuma cha mwisho. Rudisha, piga santuri. Ukimya ukihamia spika ya pili, katriji ndiyo mgonjwa. Ukibaki palepale, tatizo liko mbele zaidi: pini za mkono, waya za ndani, au waya za kwenda amplifaya. (Ukimaliza, rangi zirudi mahali pake.)

Anza na pini. Chungulia mdomo wa bomba: kuna vipini vinne vyenye springi. Mara nyingi kimoja kimezama hakirudi, au vimeota weusi. Kijiti cha pamba na spiriti, sugua, bonyeza kila kimoja kwa kijiti cha meno uone kama kinaruka. Nimerudisha gramafoni nyingi kwa wenyewe kwa kazi hii tu, na sioni haya kusema hivyo.

Bado kimya? Mita kwenye omu. Katriji lazima iwe imetolewa, usipitishe umeme wa mita kwenye koili zake. Pima kutoka kila kipini hadi plagi ya RCA (ile inayochomekwa kwenye amplifaya): nyeupe na nyekundu hufika katikati ya plagi, bluu na kijani hufika kwenye ganda la nje. Unatakiwa kupata omu chache tu. Sasa, mita ikiwa palepale, sogeza mkono polepole kutoka kwenye pumziko lake hadi katikati ya sahani. Namba ikirukaruka, waya umekatika ndani pale unapopinda kuingia kwenye nguzo.

Hatua ya 4: Kubadilisha waya

Chomoa kwenye umeme. Toa sahani, kichwa na uzito wa nyuma, funga mkono kwenye pumziko lake, kisha geuza mashine juu ya taulo nene. Skrubu za chini hazilingani urefu. Chora umbo la mashine kwenye karatasi na uchomeke kila skrubu mahali pake, vinginevyo utakuja kunikumbuka.

Chini ya nguzo ya mkono kuna kibao kidogo cha umeme ambapo nyuzi za mkono hukutana na waya za RCA. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Halafu lehemua nyuzi (yeyusha risasi yake kwa pasi zitoke kwenye kibao), na ufunge uzi wa kushonea kwenye ncha zake kabla ya kuzivuta kutokea mbele. Bomba la mkono huu lina umbo la S. Bila uzi wa kuongoza, utakaa nalo hadi magharibi.

Nunua nyuzi ambazo tayari zimelehemiwa kwenye kifundo cha pini nne. Kulehemu vipini hivyo mwenyewe ni kutafuta lawama, plastiki yake inayeyuka upesi. Zifunge kwenye ule uzi, vuta kwa nyuma kidogo kidogo huku mkono mwingine unazisukuma kwa mbele.

Nyuzi hizi ni nyembamba kuliko unywele na mara nyingi kila moja ina vanishi yake. Usikwangue kwa wembe. Weka tone la risasi kwenye ncha ya pasi, ingiza ncha ya uzi ndani ya tone mpaka uone kamoshi kadogo na risasi imeushika, ndipo uipeleke kwenye kibao. Mguso mmoja, sekunde mbili, ondoka.

Na hapa nililia mwenyewe. Mkono wa kwanza niliouvutia waya, nilizikata fupi ili zikae nadhifu. Zikawa springi: kila nikiuelea, mkono unakimbilia nje. Siku mbili nililaumu beringi. Acha kitanzi kilegevu pale nyuzi zinapotoka kwenye nguzo, kiwe kinaning'inia bila kugusa chochote.

Hatua ya 5: Kubadilisha mkono mzima

Hii ni kwa mkono uliopinda, au beringi iliyobonyea. Mkono na nguzo yake hushikwa kwa skrubu kutokea chini, baada ya kulehemua nyuzi na waya wa ethi. Kazi yenyewe ni fupi kuliko ya waya. La kuangalia ni umbali: kwenye mashine hii, kutoka katikati ya ekseli ya sahani hadi katikati ya nguzo ni milimita 215, na kutoka nguzo hadi ncha ya sindano ni 230. Sindano huipita ekseli kwa milimita 15.

Hatua ya 6: Kupanga upya

Katika kichwa cha Technics, ncha ya sindano ikae milimita 52 kutoka kwenye kipete cha mpira. Elea mkono tena, shikilia uzito wa nyuma usizunguke, na ugeuze kile kipete cha namba peke yake hadi 0. Ndipo uzungushe uzito wote kusonga mbele mpaka gramu zinazotakiwa na katriji yako: Ortofon 2M Red inataka 1.8, Audio-Technica AT-VM95E inataka 2.0. Hakiki kwa mizani ya sonara. Kizuia mvuto kiwe namba hiyohiyo. Mwisho, sindano ikiwa juu ya santuri, tazama kwa pembeni: bomba liwe sambamba na santuri. Kama mkia umeinuka au umeshuka, fungua kishikio cha nguzo na uzungushe pete ya urefu.

Maswali ya wanachama

*Fundi, shikamoo. Yangu inavuma "mmm" muda wote, nikigusa mkono kwa kidole inanyamaza. Nikomeshe vipi?*

Marahaba. Kunyamaza ukigusa maana yake mkono hauna ethi. Kwanza hakikisha ule waya mwembamba wa pembeni ya RCA umefungwa kwenye skrubu ya GND nyuma ya amplifaya. Upo? Basi pima kwa mita kutoka bomba la mkono hadi ncha ya waya huo. Kama haipiti, umekatika chini kwenye kibao.

*Mkuu, mimi nikishusha kile kiwiko cha kunyanyulia, mkono unaanguka puu! Nimetia mafuta ya cherehani, hali ikawa mbaya zaidi.*

Ingekuwa mbaya tu, mkuu. Ndani ya kile kinyanyulio kuna mafuta ya silikoni mazito kuliko asali, ndiyo yanayoushusha mkono polepole. Ya cherehani ni mepesi na yameyaharibu yaliyobaki. Toa kile kijiti, futa vyote kwa spiriti vikauke, paka silikoni mpya kidogo kwenye kijiti. Mafuta haya yasifike kwenye beringi, kwani huko hatutii kitu.

*Kaka, nimepata mkono mpya mtandaoni wa bei ya chini sana, wanasema ni wa SL-1200. Nichukue?*

Uzalishaji wa zamani ulisimama mwaka 2010, mashine zikarudi sokoni mwaka 2016, kwa hiyo katikati hapo nakala zilijaa. Baadhi zinafaa. Usilipe kabla hujaushika: fanya jaribio la "tik" la hatua ya 2 palepale dukani. Kama muuzaji hataki uuguse, una jibu lako.

*Hapa Mombasa nimerithi santuri nzito za taarab za babu, zile za kuvunjika kama sahani ya udongo. Nikizipiga kwenye MK2 sauti ni ya kizee na inakwaruza. Ni mkono?*

La, mkono hauna kosa. Hizo ni santuri za mizunguko 78 kwa dakika, za enzi ambazo Siti binti Saad na wenzake walikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. MK2 ina 33 na 45 tu, ndiyo maana sauti inakuwa nzito. Halafu mfereji wake ni mpana: sindano ya kisasa inakwenda kukaa chini kwenye vumbi na kukwaruza. Tafuta gramafoni yenye 78, Garrard nyingi za zamani zinayo, na sindano maalumu ya 78, ambayo ncha yake ni pana takriban mara nne. Mpaka uipate, usizipige tena ndugu yangu. Zisimamishe wima kwenye sanduku, zisilaliane.