Kukadiria mfumuko wa bei kabla ya kupanga riba ya kikundi

Kikundi cha kuweka na kukopa cha hapa Moshi kinapopanga riba ya mkopo wa mwaka mzima, kinakuwa kimeshakisia bei zitapanda kiasi gani kabla fedha hazijarudi, hata kama hakuna aliyelitamka jambo hilo kikaoni. Makisio hayo yafanyeni kwa makusudi na myaandike daftarini.

Anzeni na ahadi ya Benki Kuu ya Tanzania. Hadi mwisho wa mwaka 2023 sera ya fedha iliendeshwa kwa kudhibiti ujazi wa fedha, yaani kiasi cha fedha kilichomo katika uchumi, kipimo ambacho muuza ndizi wa soko la Mbuyuni hakuwa na namna ya kukisoma, hivyo matarajio yake yalitokana na bei za jana na juzi. Tangu Januari 2024 chombo kikuu ni Riba ya Benki Kuu, yaani riba elekezi ambayo Benki Kuu huitumia katika shughuli zake na mabenki, ambayo ilianza kwa asilimia 5.5, ikapandishwa Aprili mwaka huo hadi 6, kisha ikashushwa Julai 2025 hadi 5.75, lengo likiwa mfumuko ubaki kati ya asilimia 3 na 5. Lengo hilo huwa nanga pale tu linapoaminika: mfanyabiashara anayeliamini hapandishi bei kwa hofu ya kesho, na kwa kutopandisha analisaidia litimie. Aliyenunua chakula Desemba 2011, mfumuko ulipofika asilimia 19.8, ana sababu ya kusitasita, naye asikilizwe.

Kisha pimeni lengo hilo kwa bei za sokoni, na hapa ndipo wengi hukosea. Kinachonunuliwa kila siku hukaa akilini kuliko bati au ada ya shule, kwa hiyo sado moja ya nyanya iliyopanda huonekana kama maisha yote yamepanda. Linganisheni Aprili na Aprili iliyopita, si Aprili na Januari, kwa kuwa mvua za masika zikiharibu nyanya shambani, bei hupanda na kushuka tena bila thamani ya shilingi kuhusika. Takwimu za kila mwezi za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zitawasaidia kusawazisha.

Sasa fanyeni hesabu. Mkopo wa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka utarudi 550,000. Mfumuko ukiwa asilimia 5, fedha hizo zitanunua vitu ambavyo leo vinagharimu takribani 523,800. Ukiwa asilimia 12, zitanunua vya takribani 491,000, na kikundi kitakuwa kimepoteza. Irudieni hesabu hii kila robo mwaka Riba ya Benki Kuu inapotangazwa, mkiweka makisio ya zamani pembeni ya bei zilizotokea kweli.