Leseni ya pikipiki Nairobi: anza kwa kujifunza kwenda polepole

Kila Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa murram ninakofundishia huku Eastlands, mwanafunzi mpya hunijia na swali lile lile: "Mwalimu, barabarani tunaingia lini?" Nami humuuliza kama anaweza kuendesha polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu, bila kuteremsha mguu. Hucheka. Halafu hupanda, na kabla ya mita 10 viatu vyote viwili vinaburura changarawe.

Hapo ndipo wengi huangukia. Kwenda kasi hakumshindi mtu. Unazungusha mkono tu. Mtihani unakungoja kwenye koni, kwenye kona fupi, na pale unapoambiwa usimame na uondoke tena bila kuzima injini. Nitaeleza hatua zote, ila nitakaa zaidi hapo.

Hatua ya 1: Jua daraja unalotaka

Ukiwa na leseni ya gari ya daraja B, hiyo haikuruhusu kupanda pikipiki. Nimekutana na watu wazima, wana gari zaidi ya miaka 10, wanaoshangaa kusikia hivyo. Pikipiki ni daraja A. A1 ni ya vipikipiki vidogo vya hadi sisi 50 (cc, yaani ukubwa wa injini), na unaweza kuianza ukiwa na miaka 16. A2 ni ya pikipiki ya kawaida, kuanzia miaka 18. A3 ni ya anayebeba abiria au mizigo kwa malipo, na wa tuktuk. Kama unafikiria boda au kupeleka vifurushi vya wateja, sema tangu siku ya kujiandikisha, usije ukarudi kuanza upya.

Hatua ya 2: Akaunti yako, simu yako

Fungua akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mwenyewe, kwa kitambulisho chako na laini yako ya simu. Usimwachie kijana wa saiba aweke namba yake "ili kuharakisha". Ujumbe wote wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama inayotoa leseni, utafuata namba hiyo, na siku ukimkosa utakuwa umefungiwa nje ya leseni yako mwenyewe. Soma pia jina lilivyoandikwa, herufi kwa herufi.

Shule ya udereva itakuingiza kwenye mfumo, kisha utapata leseni ya muda ya mwanafunzi. Ada za serikali hulipwa kwa namba ya malipo 222222. Mtu akikuambia utume kwenye namba yake binafsi, au kwamba kwa kiasi fulani leseni itakuja bila hata kupanda pikipiki, ondoka. Wapo, na wana maneno matamu sana.

Hatua ya 3: Uliza maswali kabla ya kulipa shule

Shule nyingi zimejengwa kwa ajili ya gari. Pikipiki ni kitu cha pembeni, imeegeshwa nyuma ya ofisi ikiwa na vumbi. Kwa hiyo uliza: kila somo nitakaa juu ya pikipiki dakika ngapi? Tuko wanafunzi wangapi kwa pikipiki moja? Na swali ambalo karibu hakuna anayeuliza: nitafanyia mtihani pikipiki hii hii?

Mimi sikuuliza. Nilijifunza kwa pikipiki ambayo gia zote zinaingia kwa kukanyaga mbele: nyutro, kwanza, pili, tatu, nne. Siku ya mtihani nikaletewa nyingine, ambayo nyutro iko kati ya gia ya kwanza na ya pili. Ya kwanza unakanyaga chini, zinazofuata unapandisha juu. Nikaondoka vizuri. Nikakanyaga nikitafuta gia ya pili, ikabaki ya kwanza. Nikakanyaga tena. Injini ikapiga kelele, mkono ukashtuka, nikabana breki ya mbele katikati ya kona. Nilianguka taratibu kama gunia la viazi, mbele ya watu kama 30. Nilirudi nyumbani kwa matatu na goti limechubuka. Basi, ukipewa pikipiki usiyoijua, kabla hata ya kuiwasha muulize mwenyewe gia zinaendaje, kisha zijaribu zote injini ikiwa imezimwa, ukiisukuma mbele na nyuma kidogo ili ziingie.

Hatua ya 4: Mavazi

Helmeti na jaketi la rifleta ni lazima kisheria, kwa dereva na kwa abiria. Nunua helmeti ya kukutosha kichwani mwako: ukiivaa na kutikisa kichwa isicheze. Viatu vifunike kifundo cha mguu. Ukija na sandali nitakurudisha nyumbani.

Hatua ya 5: Klachi, siku nzima

Panda, washa, bana klachi (ile ya mkono wa kushoto), ingiza gia ya kwanza. Usizungushe mkono wa mafuta. Achia klachi milimita kwa milimita mpaka usikie sauti ya injini ikishuka na pikipiki ikianza kuvuta mbele kama ng'ombe anayeona nyasi. Hapo hapo, simamisha vidole. Hapo ndipo klachi inaposhika. Ibane tena, pikipiki itulie. Rudia mara 20, mara 30, mpaka vidole vipajue mahali hapo bila wewe kufikiri.

Kisha iache ikuvute hatua tano na usimame. Halafu kumi. Pikipiki nyingi za sisi 100 hadi 150 zitatembea penye tambarare kwa klachi peke yake. Ikizima, hakuna kilichoharibika: bana klachi, washa, endelea. Kuna dada mmoja, muuza nguo za mitumba, alizima mara 14 siku ya kwanza, nilihesabu. Siku ya tatu alikuwa anazunguka uwanja huku akinipigia hadithi.

Aibu ndiyo adui mkubwa hapa kuliko klachi. Vijana wa boda husimama pembeni ya uwanja na kutoa mashauri ambayo hakuna aliyeyaomba. Wazoee, maana siku ya mtihani watazamaji watakuwa wengi zaidi.

Hatua ya 6: Koni na namba nane

Siri ni mambo matatu yanayofanywa kwa pamoja. Klachi iwe imebanwa nusu, pale pale inaposhika. Mafuta kidogo, yasiyopanda wala kushuka. Na mguu wa kulia uguse breki ya nyuma kwa wepesi, ukiivuta pikipiki nyuma kidogo huku injini ikiivuta mbele. Mvutano huo ndio unaoisimamisha wima. Breki ya mbele isahau kabisa ukiwa umekunja usukani, hasa kwenye changarawe. Tairi la mbele litateleza kabla hujasema salale.

Halafu macho. Ukiitazama koni utaigonga, kila mara. Geuza kidevu mpaka kilingane na bega, tazama unakotaka kutokea. Mimi husimama upande wa pili wa namba nane na kuinua vidole, mwanafunzi aniambie ni vingapi huku anakata kona. Wengi hufaulu kona ile ile waliyoanguka dakika mbili kabla, kwa sababu tu hawakuwa wanatazama chini.

Hatua ya 7: Ubao

Kabla ya kupanda utaulizwa maswali kwenye ubao wenye mji mdogo uliochorwa na kigari cha kuchezea. Utaambiwa utoke hapa ufike pale. Usikisukume kimya kimya. Sema unachofanya: natazama kioo, nawasha indiketa, natazama tena, naingia. Kaa kushoto. Kwenye mzunguko mpishe anayetoka kulia kwako. Ukitaka kupinda kushoto kaa leni ya kushoto, ukitaka kulia au kurudi ulikotoka kaa ya kulia. Mstari usiokatika huukanyagi. Alama yenye pembe nane ni ya kusimama kabisa, hata kama hakuna gari. Kama umezoea kuvuka mizunguko ya jiji hili kwa kufuata mkono wa polisi, jifunze upya.

Hatua ya 8: Barabara

Mara ya kwanza mimi huwapeleka wanafunzi Industrial Area Jumapili asubuhi, pande za Lunga Lunga na Enterprise Road, wakati malori yamelala. Alama nyekundu ya L iwekwe, na usibebe mtu. Ndani ya mji mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa. Wewe kwa sasa hata 40 ni nyingi. Barabara ya juu ya Expressway hairuhusu pikipiki, kwa hiyo usifuate ramani ya simu kibubusa.

Ukiwa nyuma ya matatu, mtazame konda kuliko taa za breki. Akianza kuning'inia mlangoni na kugonga bodi, gari linaingia kando hata kama hakuna stendi. Usipite kushoto kwake: abiria wanashukia hapo hapo.

Mvua ikianza baada ya kiangazi kirefu, ngoja kidogo chini ya kibanda. Maji ya kwanza huinua mafuta na vumbi vilivyoganda kwenye lami. Mistari myeupe na vifuniko vya chuma vya mitaro huteleza kama sabuni; vivuke ukiwa wima, bila breki.

Siku ya mtihani

Fika mapema, kunywa chai, nenda msalani. Jaribu breki, taa, indiketa na honi ya pikipiki utakayopewa. Tazama begani kabla ya kila kuondoka, na utazame kwa namna ambayo mtahini ataona kichwa kikigeuka. Ukizima injini usiombe radhi, washa tu. Ukifeli, utapanga siku nyingine. Mimi nilipita mara ya pili.

Ukishapita, omba kadi kwenye akaunti yako, shilingi 3,050 kwa ya miaka 3, utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, kisha utaifuata kwenye Huduma Centre uliyochagua. Kabla hujaondoka dirishani isome: jina, namba ya kitambulisho, daraja. Kijana mmoja niliyemfundisha aliacha saiba imjazie kila kitu, akagundua jina limekosewa akiwa ameshafika Donholm.