Triga ya flashi kwa kamera ya renjifainda: pini moja tu ndo ya kuangalia

Kama una kamera ya renjifainda, zile ambazo unafokasi kwa kukutanisha taswira mbili kwenye kidirisha cha pembeni na wala huangalii kupitia lenzi, na umechoka na flashi ya juu ya kamera inayofanya watu wang'ae paji la uso kwenye kila picha ya usiku, basi unataka flashi ikae pembeni kwenye stendi na kamera iiite bila waya. Hapo ndo unaingia kutafuta triga, kile kidude cha redio kinachokaa juu ya kamera na kuiambia flashi iwake, na hapo ndo watu wengi wanapoteza hela, kwa sababu kila boksi limeandikwa TTL (kamera inapima mwanga wa flashi yenyewe), limeandikwa HSS (flashi kwenye kasi kubwa za shata), la Canon, la Nikon, la Sony, na hakuna boksi hata moja limeandikwa Canonet wala Zorki.

Mimi napiga filamu kwa kamera mbili, Canonet QL17 GIII na Zorki 4, na jambo la kwanza ntakalokwambia ni kwamba kamera yako ya zamani inajua kusema neno moja tu: "sasa". Shata ikifunguka, nyaya mbili ndani zinagusana, basi. Haina TTL ya kuongea na triga ya kisasa na haitumi taarifa yoyote ya tundu la lenzi wala kasi. Kwa hiyo TTL na HSS za kwenye boksi hazitakusaidia kitu kwenye kamera hizi, usizilipie kama huna kamera nyingine ya dijitali itakayozitumia. Unachotaka ni triga inayoridhika na hiyo "sasa" moja.

Tatizo ni kwamba sio triga zote zinaridhika. Zipo zinazosubiri kwanza kamera iziamshe, maana kamera ya dijitali ukibonyeza kitufe nusu inapeleka umeme kwenye pini nyingine za hotishuu (kishikio cha juu cha kuchomekea flashi chenye pini), na triga ikikosa huo umeme inakaa kimya hata ukipiga rolu nzima. Kuna jaribio la dakika moja la kulifanya pale pale dukani kabla hujatoa hela, na ndo kitu cha maana kuliko vyote ntakavyosema hapa. Washa triga na flashi yake, weka chaneli moja, geuza triga uangalie mguu wake. Katikati kuna pini kubwa, na pembeni ya mguu kuna chuma, au kama mguu ni wa plastiki kuna kijibati kidogo ubavuni. Chukua klipu ya karatasi uinyooshe, gusisha pini ya katikati na kile chuma cha pembeni kwa pamoja. Flashi ikiwaka, hiyo triga itafanya kazi na kamera yako. Isipowaka, muulize muuzaji kama kuna seting ya pini moja kwenye menyu, maana baadhi zinayo, na kama hamna irudishe kwenye boksi uendelee na safari. (Jaribio hili fanya kwenye triga tu, usilifanye kwenye mguu wa flashi ya zamani, ntaeleza kwa nini huko chini.)

Alafu kuna kulala. Triga nyingi zinajizima zenyewe baada ya muda ili kutunza betri, na kamera ya dijitali inaziamsha ukigusa kitufe. Yako haiwezi. Utakaa unasubiri bi harusi ageuke, unapiga, kimya. Ingia kwenye menyu utafute STBY au seting yoyote ya kulala uizime kabisa, na kwenye flashi vile vile, ila ujue betri zitakwenda haraka, beba za akiba.

Kwenye betri pia usikurupuke. Zile triga ndogo za bei chee kabisa nyingi zinatumia betri ya 23A ya volti 12, ile ya kwenye rimoti za geti, na ikiisha Jumamosi usiku ukiwa ukumbini hutaipata. Triga ya AA au AAA unanunua betri duka lolote la mtaani. Mimi nashauri mtu anayeanza achukue kitu kama triga ya Godox X1T au X2T pamoja na flashi ya TT600, kwa sababu TT600 ina risiva (kinachopokea ishara ya triga) ndani yake tayari, ni ya manyo tu, yaani nguvu unaiweka mwenyewe, bila TTL kwa hiyo hulipii usichotumia, na vyote vinakula AA. Matoleo yana herufi mwishoni, C ya Canon, N ya Nikon, F ya Fujifilm, O ya Olympus, S ya Sony. Ile ya Sony iache, mguu wake umetengenezwa kwa ajili ya kishikio chenye vipini vidogo vidogo vya mbele. Kati ya zilizobaki mimi ningechukua ile inayofanana na kamera ya dijitali niliyonayo au ninayotegemea kununua, na jaribio la klipu nalifanya hata hivyo.

Sasa angalia kamera yako. Ile sehemu ya juu ya kuchomekea flashi ina pini ya chuma katikati au haina? Canonet QL17 GIII inayo. Leica M3, M2 na M4 hazina, ila kuanzia M4-2 pini ipo. Zorki 4 haina, ni kishikio tu cha chuma, lakini ina soketi ya PC (tundu la waya wa flashi, sio mambo ya kompyuta). Kama yako haina pini utahitaji waya mfupi kutoka soketi ya PC kwenda kwenye tundu dogo la triga (mara nyingi la milimita 2.5 au 3.5, pima kabla hujanunua waya), na hakikisha hilo tundu linapokea ishara, maana kwenye triga nyingine tundu ni la kutoa tu mpaka ubadilishe seting. M3 na M2 zina soketi za kwao zisizoingiliana na waya wa kawaida, unatafuta adapta, na unachomeka kwenye ile yenye alama ya radi, ya balbu unaiacha.

Hapa kuna kitu kilinisumbua wiki nzima kwenye Zorki. Triga ikikaa kwenye kishikio cha chuma kisicho na pini, ile pini yake ya chini inagusa chuma, na chuma hicho hicho kinagusa pembeni ya mguu, ni kama umeweka ile klipu ukaiacha hapo hapo. Flashi inawaka mara moja ukiichomeka, alafu haiwaki tena. Nilibadilisha betri, nikabadilisha waya, nikaanza kudhani soketi imekufa. Dawa yake ni kipande cha selotepu ndani ya kishikio, pale pini inapogusa, basi imekwisha.

Kinyume chake kinatokea kwenye kamera zenye hotishuu: kutu au uchafu kwenye zile reli za pembeni unakata mawasiliano, kwa sababu umeme unapita kwenye pini na unarudi kwa reli. Sugua reli na pini kwa ufutio wa penseli mpaka ing'ae. Na chagua triga fupi, nyembamba. Kamera hizi ni ndogo, triga pana inafunika gurudumu la kasi ya shata au inakugonga kwenye paji ukisogeza jicho.

Twende kwenye kasi ya shata, maana hapa ndo picha zinapoharibika. Zorki na Leica za filamu zina shata ya pazia la kitambaa linalokimbia mbele ya filamu, na ukizidisha kasi, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza, kwa hiyo flashi inaangaza kipande tu. Leica M za filamu mwisho wake na flashi ni 1/50 ya sekunde, Zorki 4 ni 1/30, Bessa R ni 1/125 kwa sababu pazia lake ni la chuma linalokwenda wima. Leica M za dijitali zimepanda kidogo, M10 ni 1/180. Kwenye kitchen party ya binamu yangu nilipiga rolu nzima ya Zorki kwa 1/60, fundi wa kusafisha filamu akanipa negativu ambazo kila fremu ina ukanda upande mmoja usio na kitu, shangazi kakatwa bega kwenye picha zote. Picha zile hazirudi, na bado zinaniuma.

Canonet na ndugu zake zina shata ndani ya lenzi yenyewe, inafunguka kama ua, kwa hiyo flashi inakubali kasi zote mpaka 1/500. Na hii ndo raha yake kubwa mchana. Jua kali, filamu ya ISO 400, unapiga 1/500 kwa f/16 (f ni tundu la lenzi, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) na flashi inajaza kivuli cha chini ya kofia. Zorki kwa 1/30 kwenye jua hilo hilo ingehitaji kama f/64, wakati lenzi yake ya Jupiter-8 inaishia f/22. Ila ujue redio inachelewa kidogo, na 1/500 ni milisekunde 2 tu, kwa hiyo triga mbovu itakula mwanga. Ukiona picha za 1/500 zina giza, shuka 1/250. Na kama kamera ina kile kiswichi cha M na X, kiweke X. M ni ya balbu za zamani zilizokuwa zinachelewa kuwaka, ukiiacha hapo flashi inapiga shata ikiwa bado imefungwa.

Kabla hujaweka filamu jaribu hivi. Kamera tupu, fungua mgongo (Leica M unatoa kifuniko cha chini na kuinua kile kibao cha nyuma), lenzi ifungue mpaka mwisho. Punguza taa za chumba, flashi iweke nguvu ndogo imulike ukuta mweupe, usiielekeze machoni. Elekeza kamera kwenye ukuta, chungulia kwa nyuma, piga. Lile dirisha la filamu ling'ae lote, kona hadi kona. Panda kasi moja moja. Ukifika inayokata utaona ukanda mweusi umesimama upande mmoja, kama mtu kaweka rula. Rudi nyuma hatua moja, hiyo ndo kasi ya mwisho ya kamera yako na triga yako, iandike kwenye kipande cha karatasi ubandike chini ya kamera. Kwenye Zorki kumbuka kuzungusha kile kinobu cha kuvutia filamu kwanza ndo ubadilishe kasi, ukigeuza kabla unaweza kuvunja mashine ya ndani.

Kama una flashi ya zamani ya mzee, Vivitar 283 za mwanzo kwa mfano, baadhi zina volti zaidi ya 200 kwenye mguu. Ndo maana nikasema usiguse na klipu. Ukitumia triga, hiyo volti inaishia kwenye risiva na kamera inabaki salama, ila soma kwanza kikomo cha risiva yako maana nyingi hazijatengenezwa kwa volti hizo, itaungua.

Mwanga wenyewe unaupiga hesabu kwa mkono: gaidi namba ya flashi (namba ya nguvu yake) gawanya kwa mita kutoka flashi mpaka kwa mtu, sio kutoka kwenye kamera. Gaidi namba 40 kwa ISO 100, mtu yuko mita 5, ni f/8. Ukiweka mwavuli wa kulainisha mwanga fungua kama stopu mbili, yaani hatua mbili za f, f/4. Kwenye Canonet geuza ringi ya lenzi itoke kwenye A (oto) uweke f mwenyewe, na piga fremu mbili tatu zenye f tofauti kwenye rolu ya kwanza ukiandika kila moja, ukishasafisha utajua mwavuli wako unakula kiasi gani.