Kutambua mimba zabibu kwa kipimo cha p57, hatua kwa hatua

Zamani mama mwenye mimba zabibu, yaani mimba ambayo kondo lake hukua ovyo, alifika na tumbo kubwa kuliko umri wa mimba, na kondo lilitoka na mapovu yanayofanana na kichala cha zabibu. Siku hizi utrasaundi huiona mapema na kizazi husafishwa kabla mapovu hayajavimba. Kinacholetwa maabara hufanana sana na mimba iliyoharibika kawaida, hivyo macho peke yake hayatoshi.

Kwanza uelewe unachotafuta. Jeni ya CDKN1C, iliyo kwenye kromosomu 11, hutengeneza protini ya p57. Nakala ya baba huwa imezimwa. Inayofanya kazi ni ya mama. Mwaka 1977 Kajii na Ohama walionyesha kwamba kromosomu za mimba zabibu kamili hutoka kwa baba. Huwa ni mbegu moja iliyojirudufu, au wakati mwingine mbegu mbili, bila kromosomu za kiini cha yai. Kwa kuwa p57 ni breki ya mgawanyiko wa seli, kondo lisilo na nakala ya mama hukua ovyo. Mimba zabibu isiyo kamili ina seti ya mama na seti mbili za baba, jumla kromosomu 69, kwa hiyo p57 ipo.

Hatua ya 1. Suuza mabonge ya damu kwa maji ya chumvi, tandaza kwenye trei, chagua vijidole vya kondo vilivyovimba na visivyovimba. Chukua pia desidua, yaani utando wa kizazi cha mama. Hifadhi kwenye fomalini ya asilimia 10.

Hatua ya 2. Kata vipande vyenye unene wa mikroni 4, chemsha kwenye bafa (kimiminika kinachodhibiti kiwango cha asidi), weka kingamwili ya p57, kisha rangi ya kahawia. Muda na joto fuata karatasi ya mtengenezaji.

Hatua ya 3. Chini ya hadubini anza na desidua. Viini vyake lazima viwe na rangi ya kahawia. Visipokuwa nayo, tupa slaidi hiyo na urudie. Hapa sina mjadala: slaidi iliyoshindwa kushika rangi inafanana kabisa na mimba zabibu kamili, na mama ataambiwa ana ugonjwa asionao.

Hatua ya 4. Sasa nenda kwenye vijidole. Soma seli za aina mbili tu: sitotrofoblasti, ambazo ni tabaka la ndani la ganda, na seli za stroma, yaani nyama ya katikati ya kijidole. Tabaka la nje, sinsitiotrofoblasti, liache. Huwa halina rangi hata kwenye kondo lenye afya. Trofoblasti zilizo nje ya vijidole nazo zisikuchanganye, maana hushika rangi hata kwenye zabibu kamili. Seli zile mbili zikikosa rangi huku desidua ikiwa nayo, hiyo ni mimba zabibu kamili.

Hatua ya 5. Zikishika rangi, umeondoa zabibu kamili pekee. Kutofautisha isiyo kamili na mimba iliyoharibika kawaida, kwangua vijidole na desidua kando kando, ulinganishe vinasaba vyake. Seti ya ziada ikiwa ya mama, hiyo si zabibu.

Mara chache p57 hukosekana ilhali vinasaba vya wazazi wote wawili vipo. Mama aliyepata mimba zabibu mara mbili au zaidi aulizwe kuhusu dada zake, na apimwe NLRP7, jeni iliyohusishwa na hali hii mwaka 2006, pamoja na KHDC3L. Nakala zote mbili za jeni mojawapo zikiwa na hitilafu, mayai yake hushindwa kuweka alama za mama, zinazoamua nakala ipi ya jeni ifanye kazi. Si kosa lake, na yai la kuchangiwa limewapa watoto wanawake wa aina hii. Aambiwe mapema.

Kwenye ripoti usiandike "p57 hasi" tu. Andika desidua ilivyosomeka, na pendekeza hCG, homoni ya mimba, ifuatiliwe: baada ya zabibu kamili, takriban wanawake 15 hadi 20 kwa kila 100 huhitaji tiba zaidi, kwa isiyo kamili ni chini ya 5.