Kabla ya Kumfuga Kalunguyeye: Namna ya Kupima Kama Maisha Yako Yanamfaa

Kalunguyeye anayefugwa majumbani Marekani na Ulaya asili yake ni huku kwetu Afrika. Ni kalunguyeye wa tumbo jeupe, ambaye wanasayansi humwita Atelerix albiventris, na makazi yake yanaanzia Senegali hadi Somalia, yakishuka Kenya na Tanzania mpaka Zambia. Walioko ughaibuni leo ni vizazi vya wale waliosafirishwa kabla Marekani haijazuia uingizaji wao kutoka Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayeishi huko, ambaye yeye au mtoto wake ametamani kumfuga, na unalenga kumsaidia kupima kama usiku wake, joto la nyumba yake, mikono yake na mfuko wake vinalingana na maisha ya mnyama huyu.

Sheria itangulie mambo mengine yote. California, Hawaii, Georgia, Pennsylvania na Jiji la New York hawaruhusu afugwe nyumbani, na penginepo mkataba wa nyumba ya kupanga unaweza kumkataza hata kama sheria ya jimbo inamruhusu. Kwa msomaji aliye Afrika Mashariki jibu ni fupi zaidi: kalunguyeye wa bustanini ni mnyamapori, analindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 nchini Kenya na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 nchini Tanzania, na kumkamata ili kumfuga bila kibali ni kosa. Mwache aendelee kula wadudu wa shamba lako.

Ukishajua kwamba unaruhusiwa, anza na saa zako. Kalunguyeye hulala mchana kutwa, huamka giza likishaingia, na hutumia usiku kukimbia kwenye gurudumu lake kwa masafa ya kilomita kadhaa. Gurudumu hilo halina budi kuwa na uso mzima usio na mapengo, lenye kipenyo cha karibu sentimita 30, kwa sababu lile la vyuma vyenye nafasi humvunja miguu. Mnyama huyu hujisaidia akiwa anakimbia, kwa hiyo kila asubuhi utakuta gurudumu limepakwa kinyesi na nyayo zake zimeganda uchafu, na kazi ya kulisugua ni ya kila siku. Anayeondoka nyumbani alfajiri, akarudi jioni amechoka na kulala saa tatu usiku, ataishia kumlisha mnyama ambaye hamwoni. Anayefanya kazi ya zamu au kusoma hadi usiku wa manane ana nafasi nzuri zaidi ya kuishi naye, mradi kizimba kisiwe katika chumba anacholala mtu wa usingizi mwepesi.

Jambo la pili ni joto, na hili ndilo linalowaponza wengi. Kalunguyeye wa tumbo jeupe anahitaji chumba chenye nyuzi joto 24 hadi 29 za Selsiasi usiku na mchana, majira yote ya mwaka. Joto likishuka chini ya nyuzi 20 hivi, mwili wake hujaribu kuingia katika usingizi mzito wa baridi, ambao kalunguyeye wa porini wa Ulaya huumudu kwa mafuta anayojiwekea mwilini, lakini huyu wa kwetu unaweza kumuua. Utamkuta amelegea, tumbo lake ni baridi ukiligusa, na akijaribu kutembea anayumba. Ndiyo maana mfugaji makini huweka chombo cha kupasha joto kisichotoa mwanga, kinachoongozwa na kidhibiti joto, na gharama ya umeme huihesabu mapema. Nyumba ambayo hita huzimwa usiku ili kupunguza bili wakati wa theluji haimfai.

Halafu kuna suala la mikono. Mtu aliyezoea paka au sungura hutarajia kubembeleza, ilhali kalunguyeye ni mnyama wa upweke, hahitaji mwenzake kizimbani, na kila kisichojulikana kwake hukihesabu kuwa adui. Ukimkaribia mara ya kwanza, ngozi ya paji la uso hushuka na miba kufunika macho, pumzi hutoka kwa kishindo kifupi kifupi, na mwili mzima huruka kidogo ili miba ikuchome. Namna ya kumshika ni kupitisha viganja vyote viwili kutoka chini ya tumbo, kumweka mapajani juu ya kitambaa chenye harufu yako, kisha kutulia. Baada ya dakika kadhaa pua hutokeza kwanza, inachezacheza, halafu jicho moja, kisha anajikunjua na kuanza kunusa. Akikutana na harufu ngeni huenda akaitafuna, akatengeneza povu na kujipaka mgongoni kwa ulimi huku amejipinda. Hilo ni tabia yake ya asili, wala si ugonjwa. Kazi hii ya kutulia hurudiwa kila usiku kwa wiki au miezi, na wapo ambao hawazoei kamwe. Mtoto wa miaka mitano hana subira hiyo, na kwa maoni yangu si haki kumdai.

Kuhusu watoto kuna sababu nyingine nzito zaidi. Kalunguyeye anayeonekana mzima kabisa anaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, imechunguza milipuko ya maradhi iliyohusishwa na kalunguyeye wa kufugwa zaidi ya mara moja, ikiwemo ya mwaka 2019 na 2020. Usimbusu, usimweke karibu na uso, nawa mikono kwa sabuni kila ukimgusa, na vyombo vyake vioshwe katika beseni lake, mbali na sinki la jikoni. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee, au mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua, ningeishauri imwache.

Chakula hakisumbui sana. Wengi hutoa chakula kikavu cha paka chenye mafuta kidogo pamoja na wadudu kama nyenje, na hatari kubwa ni unene. Gharama iko kwa daktari. Si kila daktari wa mifugo anayetibu wanyama wa aina hii, na kwa kuwa mgonjwa hujikunja, mara nyingi hulazimika kupewa dawa ya usingizi hata kwa uchunguzi wa kawaida. Utitiri wa ngozi, meno mabovu na saratani ni mambo ya kawaida kwao. Upo pia ugonjwa wa kuyumba, unaoharibu mishipa ya fahamu, ambao mara nyingi huanza kabla mnyama hajatimiza miaka miwili, humpoozesha taratibu kuanzia miguu ya nyuma, na hauna tiba. Umri wake wa kawaida ni miaka minne hadi sita. Kabla ya kununua, piga simu kwa madaktari walio karibu nawe, uliza nani anamtibu kalunguyeye na kumwona mara moja ni kiasi gani. Ukikosa hata mmoja ndani ya mwendo unaoweza kuumudu usiku wa dharura, ahirisha.

Kama bado una nia, fanya jaribio la wiki mbili bila mnyama. Weka kipimajoto mahali kizimba kitakapokaa na ukisome alfajiri, wakati nyumba imepoa kuliko saa nyingine yoyote. Kila usiku keti nusu saa penye mwanga hafifu, bila simu, kitambaa kikiwa mapajani. Kila asubuhi tenga robo saa ya usafi kabla ya kazi. Tenga pia kando fedha ya umeme na ya daktari. Ukiona siku zinaanza kurukwa, fikiria simbilisi wawili, ambao huwa macho nyakati nyingi za mchana, hupenda kuwa pamoja na hustahimili mikono ya mtoto mkubwa aliyefundishwa.

Ukilishinda jaribio, mtafute mzalishaji anayekubali uwaone wazazi wa mnyama na anayeweka kumbukumbu za ukoo, umwulize waziwazi kama ugonjwa wa kuyumba umewahi kutokea katika ukoo huo, na umkwepe anayesitasita kujibu. Na kabla hujalipa, patana na mtu mzima mmoja atakayemtunza, kwa joto lilelile na usafi uleule, mwezi ule mtakaposafiri nyumbani Mombasa au Tanga.