Somo: Litambue Umbo Kwanza, Ndipo Utafute Mzingo na Eneo

Mpe mwanafunzi msambamba (umbo la pande nne ambamo pande zinazokabiliana ziko sambamba) wenye kitako cha sentimita 10 na upande wa mshazari wa sentimita 5, umwulize eneo lake. Wengi wataandika sentimita za mraba 50 bila kusita. Kuzidisha wanajua, na jibu la 10 × 5 ni 50 kweli. Walichokosa ni kutazama umbo lenyewe kabla ya kurukia kanuni. Kwa hiyo tutaanza na kulitambua umbo, na vipimo vitafuata.

Andaa karatasi ya miraba, rula na vijiti vinne, viwili vya sentimita 10 na viwili vya sentimita 5. Vijiti tutavihitaji kwenye hatua ya nne.

Hatua ya 1: Hakikisha ni poligoni

Poligoni ni umbo bapa lililofungwa, pande zake zote zimenyooka, na hakuna upande unaoukata mwingine. Duara si poligoni kwa sababu halina upande ulionyooka. Nusu duara nayo si poligoni, ijapokuwa ina mstari mmoja ulionyooka. Herufi V si poligoni, kwa kuwa iko wazi juu.

Hatua ya 2: Hesabu pande, kisha uliza kama zinalingana

Pande 3 ni pembetatu, 4 ni pembenne, 5 pentagoni, 6 heksagoni, 8 oktagoni. Idadi ya pande inakupa zawadi papo hapo, yaani jumla ya pembe za ndani. Toa 2 kwenye idadi ya pande, zidisha kwa 180. Pembetatu ni digrii 180, pembenne 360, pentagoni 540, heksagoni 720. Sababu yake utaiona kwa macho. Simama kwenye kona moja ya heksagoni, chora mistari kwenda kona zote usizopakana nazo, utapata pembetatu 4, kila moja na digrii zake 180.

Poligoni huitwa sawa pale pande zote zinapolingana na pembe zote pia zinapolingana. Sharti moja pekee halitoshi. Rombasi ina pande sawa lakini pembe zake zinaweza kutofautiana. Mstatili una pembe sawa lakini pande zake zinaweza kutofautiana.

Pembetatu zina majina yake: pande zote sawa, pande mbili sawa (pembetatu pacha), au hakuna zinazolingana. Kwa upande wa pembe, angalia kama kuna pembe mraba, yaani digrii 90, au kuna pembe butu inayozidi hapo.

Hatua ya 3: Ukoo wa pembenne

Hapa tutulie, maana ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Jiulize maswali kwa mpangilio huu. Je, pande zinazokabiliana ziko sambamba? Ikiwa jozi moja tu, umbo ni trapeza. Ikiwa jozi zote mbili, ni msambamba. Msambamba ukiwa na pembe mraba, huo ni mstatili. Ukiwa na pande zote nne sawa, ni rombasi. Ukiwa na vyote viwili, ni mraba.

Tiara iko pembeni kidogo. Ina jozi mbili za pande zinazolingana, ila zinazolingana ndizo zinazopakana, si zinazokabiliana.

Basi, mraba ni mstatili? Ndiyo. Ni rombasi? Ndiyo. Ni msambamba? Ndiyo pia. Mtoto anayeambiwa kwamba mraba na mstatili ni vitu viwili vilivyotengana ananyimwa jambo kubwa: kila kanuni ya msambamba inafanya kazi kwa mstatili, kwa rombasi na kwa mraba. Ukiujua ukoo, hukariri kanuni sita, unaelewa moja au mbili.

Hatua ya 4: Mzingo na eneo si ndugu wa kufuatana

Mzingo ni urefu wa safari ya kuzunguka umbo ukingoni mpaka urudi ulipoanzia. Jumlisha pande, basi. Kanuni ya mstatili, 2 × (urefu + upana), ni njia ya mkato tu ya kujumlisha.

Sasa vijiti. Vifunge kwa uzi kwenye kona ili vipate mstatili wa 10 kwa 5. Mzingo ni sentimita 30, eneo ni sentimita za mraba 50. Sukuma kona ya juu taratibu kwenda kando. Umbo linainama na kuwa msambamba. Vijiti ni vilevile, kwa hiyo mzingo bado ni 30. Lakini tazama kijiti cha juu: kimeshuka, kimekaribia cha chini. Kimo kikifika sentimita 4, eneo ni 40. Kikifika 3, eneo ni 30. Endelea kusukuma mpaka vijiti vilaliane na eneo linakwisha kabisa, huku mzingo ukiwa 30 uleule.

Mwanafunzi aliyefanya hivi kwa mikono yake hasahau tena kwamba kimo hupimwa wima kutoka kwenye kitako, na kwamba upande ulioinama si kimo.

Hatua ya 5: Kanuni za eneo zinazaana

Mstatili ni urefu × upana, kwa sababu unahesabu miraba midogo kwa safu.

Msambamba: kata pembetatu upande mmoja, ihamishie upande wa pili, unapata mstatili. Kwa hiyo eneo ni kitako × kimo.

Pembetatu: chukua mbili zinazofanana kabisa, zigeuze na kuziunganisha, unapata msambamba. Kwa hiyo ni nusu ya kitako × kimo.

Trapeza: jumlisha pande mbili zilizo sambamba, gawa kwa 2, zidisha kwa kimo. Zikiwa 10 na 6 na kimo ni 5, wastani ni 8, eneo ni 40.

Rombasi ina njia yake nzuri. Zidisha mistari miwili ya kona kwa kona, gawa kwa 2. Mistari ikiwa sentimita 8 na 6, eneo ni 24. Mistari hiyo hukatana katikati kwa pembe mraba, ikaacha pembetatu nne zenye pande 3 na 4. Kwa kanuni ya Pythagoras ya pembetatu yenye pembe mraba (3 × 3 + 4 × 4 = 25 = 5 × 5) upande wa rombasi ni 5, na mzingo ni 20. Swali moja, majibu mawili, na hatukupewa upande hata mmoja.

Poligoni sawa yoyote: nusu ya mzingo × umbali kutoka katikati hadi katikati ya upande. Ni pembetatu zilizopangwa kuzunguka kitovu, hakuna jipya.

Hatua ya 6: Umbo lenye kona iliyokatwa

Chora mstatili wa 9 kwa 7, kisha ondoa kwenye kona mstatili mdogo wenye upana wa 4 na kimo cha 3. Linabaki umbo la herufi L. Eneo: 63 − 12 = 51. Hakiki kwa njia ya pili, ligawe umbo mara mbili: 9 × 4 = 36, na 5 × 3 = 15, jumla 51. Usiwasilishe jibu la umbo la namna hii bila njia ya pili, maana ni rahisi mno kuhesabu kipande mara mbili.

Mzingo: 9 + 4 + 4 + 3 + 5 + 7 = 32. Mstatili mzima nao ulikuwa na mzingo wa 32! Tumepoteza eneo la 12 lakini safari ya ukingoni haikupungua hata sentimita moja.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Pengo likiwa katikati ya upande badala ya kwenye kona, mzingo utabaki uleule?*

Marahaba. Hapana, utaongezeka. Tuseme pengo lina upana wa 2 na kina cha 3 kwenye mstatili uleule wa 9 kwa 7. Sasa unashuka 3, unapita 2, unapanda 3. Ile 2 inachukua nafasi ya kipande kilichoondolewa, lakini kushuka na kupanda ni nyongeza ya 6. Mzingo ni 38, eneo ni 57. Eneo limepungua na mzingo umekua, ushahidi mwingine kwamba hivi viwili havifuatani.

*Mwalimu, pembetatu yangu ina pembe butu na kimo kinaangukia nje ya umbo. Nimekosea kuchora?*

Hujakosea. Refusha mstari wa kitako kwa nukta nukta, shusha kimo mpaka kiukute. Ila katika kukokotoa tumia kitako chenyewe bila ile sehemu uliyoirefusha. Kitako 6 na kimo 4, eneo ni 12.

*Kitabu kimoja kinasema msambamba ni trapeza, kingine kinakataa. Nimwamini nani?*

Vyote viwili viko sahihi kwa tafsiri zao. Vingine husema trapeza ina angalau jozi moja ya pande sambamba, vingine husema jozi moja tu, kama nilivyofanya hapa. Fuata tafsiri ya mtihani wako. Kanuni ya eneo haibadiliki.

*Mwalimu, nina pembetatu ya pande 13, 14 na 15. Sina kimo wala pembe. Naomba msaada.*

Tumia kanuni ya Heroni wa Aleksandria. Nusu ya mzingo ni 21. Toa kila upande: 8, 7, 6. Zidisha 21 × 8 × 7 × 6 = 7056. Kipeuo chake cha pili ni 84, na hilo ndilo eneo. Ukitaka kimo juu ya upande wa 14, rudi nyuma: 84 × 2 ÷ 14 = 12.

*Nimebadilisha sentimita za mraba 300 kuwa mita za mraba 3. Mwalimu wetu amenikosoa, sielewi kwa nini.*

Chora mraba wa mita 1 kwa mita 1. Una safu 100, kila safu ina miraba 100 ya sentimita moja. Jumla ni 10,000. Kwa hiyo unagawa kwa 10,000, na jibu lako ni mita za mraba 0.03. Kwa mzingo ndiko unakogawa kwa 100.